Dawa ya kolesteroli sio dawa ya majipu, hata kama umesoma kwamba inaua MRSA

SWALI: Habari dokta. Mimi ni mwanamke wa miaka 56, natumia simvastatini ya 20 mg kila usiku kwa ajili ya kolesteroli. Mwaka huu nimesumbuliwa sana na majipu ya kwapani na kwenye kinena, likipona hili linaota lingine. Walichukua usaha wakauotesha maabara wakaniambia ni MRSA, bakteria ambaye antibayotiki nyingi hazimuwezi. Sasa nimesoma kwamba wanasayansi wamegundua dawa za kolesteroli zinaua huyo MRSA, na mimi ninazo nyumbani. Nikimeza viwili badala ya kimoja, au nikivisaga nikachanganya na mafuta ya mgando nikapaka, itasaidia? Kuna mtu pia ananiuzia krimu, anasema ameitengeneza kwa dawa hizo hizo.

JIBU: Dada yangu, mimi ni mfamasia sio daktari, lakini hili naweza kukujibu bila kumsubiri yeye: usiongeze, usisage, na hiyo krimu iache huko huko kwa mwenyewe.

Ulichosoma hakijatungwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipaka mafuta yenye simvastatini asilimia 1 na asilimia 3 kwenye ngozi ya panya walioambukizwa MRSA, na kweli bakteria wakapungua na uvimbe ukatulia. Kazi nzuri tu, mimi mwenyewe niliisoma kwa hamu. Tatizo linaanza pale habari inapotoka maabara ikafika kwenye simu ya mtu, maana njiani panya wanapotea, asilimia zinapotea, neno kupaka linapotea, inabaki "dawa ya kolesteroli inaua MRSA" basi, na mtu anaangalia kabati lake.

Hapa ndipo watu wananichosha kila siku, na sio kwa statini tu, yaani ukoo wa dawa za kolesteroli ambao simvastatini yako imo. Eti kitu kikiua bakteria kwenye sahani ya maabara basi ni dawa. Jamani, hata moto wa kiberiti unawaua MRSA wote kwenye ile sahani. Swali sio kama kinaua, swali ni kinaua kwa kiasi gani na hicho kiasi kinaweza kufika kwenye jipu bila kukuumiza wewe mwenye jipu? Kwenye utafiti ule MRSA alizuiwa kukua simvastatini ilipofika kama mikrogramu 32 kwa kila mililita. Sasa ukimeza kidonge, ini linakikamata karibu chote mara ya kwanza tu kinapopita, chini ya asilimia 5 ndio inafika kwenye damu, na inayofika inapimwa kwa nanogramu, yaani ni pungufu zaidi ya mara elfu moja. Na ini kukamata hivyo sio kasoro, ndipo kazi yake ilipo. Kwa hiyo ukimeza viwili hujakaribia popote, na ukitaka kukaribia utaiharibu misuli yako kabla bakteria hajahisi chochote. Marekani mwaka 2011 mamlaka ya dawa ilizuia kumuanzishia mgonjwa mpya dozi ya 80 mg kwa sababu ya kuharibu misuli, na hiyo 80 bado haifiki hata robo ya njia tunayoizungumzia.

Haya, kusaga. Upate gramu 10 za mafuta yenye asilimia 3 unahitaji miligramu 300 za dawa, vidonge 15 vya kwako. Sehemu kubwa ya kidonge wala sio dawa, ni wanga, laktosi, rangi na vitu vya kukigandisha, na wewe unaenda kuvisukumia kwenye kidonda kilicho wazi, kwa kijiko na bakuli ambavyo sio safi kwa kiwango cha kidonda. Dawa yenyewe itakaa humo kama mchanga, huku nyingi kule hamna, na bakteria anayepata dozi kidogo kidogo isiyomuua ndio huyo anayejifunza usugu.

Halafu kuna maelezo nimeyasikia kwa hawa wauzaji, kwamba bakteria kajengwa kwa mafuta na dawa ya kolesteroli inamyeyusha. Hakuna kitu kama hicho. Statini haiyeyushi mafuta hata ya kwako, inazuia kimeng'enya cha kwenye ini kinachotengeneza kolesteroli. MRSA hatengenezi kolesteroli, ana kimeng'enya cha ukoo ule ule lakini cha aina nyingine na statini inakishika kwa shida mno. Wale wa Purdue waliona simvastatini inazuia zaidi bakteria kutengeneza protini zake, jambo lisilohusiana na kolesteroli kabisa.

Wanaofuata mambo ya kolesteroli na MRSA kwa undani wala hawako kwenye vidonge vyako. Mwaka 2008 kuna kundi lilionyesha kwamba ile rangi ya dhahabu ya huyu bakteria, inayomkinga na kinga ya mwili wetu, inaanza kutengenezwa kwa hatua inayofanana na hatua mojawapo ya kolesteroli, wakatumia kemikali moja iliyokuwa imewahi kujaribiwa kama dawa ya kolesteroli, bakteria akatoka mweupe na kinga ya panya ikammaliza kirahisi. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kwamba kuna kemikali za namna hiyo zinavuruga ngozi ya nje ya MRSA, ile protini inayompa usugu ikakosa pa kujipanga, na dawa za ukoo wa penisilini zikaanza kumuua tena. Kwangu mimi hiyo ndio sehemu tamu ya habari yote, kumnyang'anya silaha badala ya kumuua. Ila sio simvastatini, na haipo kwenye rafu ya famasi yoyote.

Kinachonitisha zaidi kwako ni kitu ambacho hukuuliza. MRSA wa ngozi kuna wakati anatibiwa kwa antibayotiki ya asidi ya fusidiki ya kumeza au ya mshipani, na hiyo ikikutana na statini mwilini misuli inaweza kuvunjika mpaka figo zikafeli, kwa hiyo statini inasimamishwa na kurudishwa siku 7 baada ya dozi ya mwisho (ya kupaka haina shida hiyo, inayoingia mwilini ni kidogo sana). Klarithromaisini na erithromaisini nazo haziendi na simvastatini. Kwa hiyo yeyote anayekuandikia antibayotiki mwambie unatumia nini kabla hajaandika, na ukiona misuli inauma bila sababu au mkojo umekuwa wa rangi ya chai nyeusi nenda siku hiyo hiyo.

Kuhusu majipu yenyewe: jipu lenye usaha linapasuliwa na mtu aliyefunzwa, usaha utoke, hiyo mara nyingi ndio nusu ya tiba, na antibayotiki inachaguliwa kwa yale majibu ya maabara uliyonayo, yapo kwa ajili hiyo. Pima sukari, majipu yanayojirudia yanadai kipimo hicho na statini zenyewe zinaongeza kidogo uwezekano wa kisukari. Omba pia uonwe na daktari wa ngozi, kwa sababu kwapa na kinena kwa pamoja, tena ya kurudia rudia, inaweza kuwa ugonjwa wa vinyweleo kuziba na kuvimba ambao una matibabu yake kabisa. Na simvastatini yako endelea nayo kama ulivyoandikiwa, usiache kwa hasira.

Sasa huyo wa krimu. Muulize imo dawa gani, asilimia ngapi, imetengenezwa lini na inaisha lini muda wake, uone atakavyozunguka. Krimu nyingi za kuchanganya kienyeji zinawekwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe isiyoua bakteria, siku za kwanza wekundu unapungua, mteja anashukuru na kuleta wenzake, huku kinga ya ngozi imelazwa na maambukizi yanachimba chini. Wapo pia wanaouza unga wa mchele mwekundu uliochachushwa, wanasema ni asili haina kemikali, kumbe mle ndani kuna lovastatini, statini kama ya kwako, haijapimwa kiasi, na wewe tayari unameza nyingine usiku. Kama ulishaipaka, iache leo, osha kwa maji safi na sabuni, kopo lake nenda nalo hospitali wakaone, na ukipata homa, kutetemeka kwa baridi au wekundu unaotambaa kutoka kwenye jipu usisubiri asubuhi.