Muulize Fundi: Makabati ya jiko la nje, karibu na bahari

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Kigamboni, upepo wa bahari unafika mpaka uani. Nimejenga jiko la nje, juu lina bati ila pembeni wazi kabisa, ndiko tunakaangia samaki na kupikia ubwabwa watu wakija wengi. Sasa nataka makabati chini ya kaunta. Fundi mmoja kaniambia MDF ile ya kung'aa, mwingine kasema mninga, shemeji yangu anasema stenlesi ndo mwisho wa mambo. Hela yenyewe ya kuunga unga. Nishike lipi? – Mama Ilham, Kigamboni

JIBU: Mama Ilham, huyo wa MDF mpe chai halafu umsindikize. MDF ni unga wa mbao umeshindiliwa na gundi, ile karatasi ya kung'aa inapendeza kweli ila maji yanaingilia kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, ikishavimba ndo basi tena hairudi. Ndani ya nyumba sawa, tena mbali na sinki. Nje masika moja tu inatosha.

Ila kabla ya kubishania milango nikuambie kitu. Nikiitwa kuangalia kabati la nje lililooza, mara nyingi mlango bado mzima kabisa, kilichokufa ni boksi lenyewe pale linapogusa sakafu, pamoja na bawaba. Watu wanamaliza pesa kwenye mlango kwa sababu ndo unaoonekana, huku ndani boksi ni plaiwudi ya bei ya chee imekaa chini kwenye maji ya kudekia.

Kwa hiyo wewe boksi usilinunue, lijenge. Matofali ya bloku, piga plasta, ndani bandika marumaru hata yale yaliyobaki chooni hakuna atakayeona, shelfu mwaga zege jembamba lenye nondo. Sakafu ya ndani ya kabati inyanyue kama sentimita 10 kutoka chini ili mtu akimwaga ndoo ya maji yasiingie. Na tafadhali simamia mchanga mwenyewe, maana huko kwenu kuna watu wanachota mchanga wa ufukweni usiku, ule una chumvi, nondo inaota kutu ndani kwa ndani mpaka zege linapasuka. Kazi hiyo anaifanya fundi mwashi wa kawaida wala huhitaji mtu wa makabati. Hapo umebakiza milango tu, na mlango hata ukichoka baada ya miaka unabadilisha wenyewe bila kuvunja kitu.

Milango mimi ningekuwekea aluminiamu ya rangi ya poda, ile iliyookwa, tena iwe ya lova, ile yenye vibao vya mlalo vilivyoachana, hewa ipite. Aluminiamu haioti kutu nyekundu, inajitengenezea ngozi yake juu, japo chumvi ikikaa sana inatoboatoboa na kuacha unga mweupe. Ukitaka kuona unga huo katazame dirisha lolote la zamani hapo mtaani kwako, pale kwenye skrubu. Yaani ukifunga aluminiamu kwa skrubu ya chuma cha kawaida, chumvi ikapata unyevu, vile vyuma viwili vinaanza kulana. Mwambie fundi aweke skrubu za stenlesi na washa za plastiki, vile vipete vinavyokaa chini ya skrubu, katikati, atalalamika kwamba unamchelewesha, mwache alalamike.

Shemeji yuko sahihi nusu. Stenlesi ziko za aina nyingi, wauzaji wengine wanasema tu stenlesi basi. Ile ya namba 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, nzuri sana ila hewa ya bahari inaiwekea madoa ya kahawia. Ya kwenu ni 316, ambayo imeongezwa molibdeniamu asilimia 2 hadi 3 na ndiyo inayovumilia chumvi, sasa kaulize bei yake uone kama shemeji atachangia. Ukienda dukani nenda na sumaku, ikinata kwa nguvu hiyo siyo 304 wala 316, lakini isiponata usishangilie haraka maana kuna 201 ya bei rahisi nayo hainati sana, kwa hiyo namba iandikwe kwenye risiti. Kwako stenlesi weka kwenye bawaba na komeo, hapo usibane hela. Na usisugue kwa stili waya wala dawa ya klorini, maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni vinatosha.

Mninga siupingi, mbao tulivu haipindipindi ovyo, na chumvi haiidhuru kama inavyodhuru chuma. Shida ni jua linabandua vanishi, itabidi upake mafuta kila mwaka, na nikikutazama na wageni wako hao sidhani kama utakumbuka.

La mwisho ambalo hukuuliza: mtungi wa gesi ukikaa ndani ya hilo kabati, acha matundu chini kabisa yanayotoka nje, siyo juu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Lova peke yake ikiwa imeanzia juu haisaidii.

SWALI: Fundi mi niko Dodoma, huku mvua za kuhesabu ila jua na mchwa balaa. Nimeona makabati ya PVC bodi, yatafaa jiko la nje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Mchwa hawatayala, hilo uwe na amani. Ila PVC ni plastiki, inalegea ikifika nyuzi joto 80 hivi, sasa mlango wa rangi nyeusi ukipigwa jua la saa tisa na jiko la mkaa liko pembeni, utapinda tu. Chukua nyeupe, weka upande usio na jua la jioni, mbali na moto. Bahari hamna, kwa hiyo wewe bawaba za 304 zinakutosha, za 316 waachie watu wa Kigamboni.