Canon ya mjomba na lenzi ya kuvuta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, marehemu mjomba aliniachia Canon AE-1 ya filamu ikiwa na lenzi moja tu ya 50mm. Nataka lenzi ya kuvuta nipige mechi za jioni na ngalawa zikirudi, ila hela sio nyingi. Kuna jamaa ana Canon 75-300 used, anasema Canon ni Canon itaingia tu, afu ana zumu ya zamani imeandikwa FD 70-210 f/4. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mjomba. Hiyo 75-300 achana nayo kabisa. AE-1 ilitoka 1976 na inashika lenzi za FD, hiyo nyingine ni EF, mdomo wa kushikia lenzi mwingine kabisa, Canon walianza nao 1987 walipoleta kamera za EOS. Haikai, na hata ungelazimisha ikae haina pete ya apecha, yaani lile tundu la kupitisha mwanga, inasubiri kamera iiamrishe kwa umeme na kamera yako haijui lugha hiyo.

FD ziko za aina mbili, zile za zamani zenye pete ya kuzungusha kule nyuma na zile za kuanzia 1979 ambazo unazungusha lenzi nzima, zote zinaingia kwako. Ukiona FL, zile zilizotangulia FD, nayo inaingia ila ile oto ya AE-1, kamera kujichagulia apecha yenyewe, haitafanya kazi.

Sasa hiyo 70-210 ni lenzi nzuri kweli, ila nzito, na nyingine zimelegea ukiinamisha zinashuka zenyewe. Mimi ningemuuliza kwanza jamaa kama ana 200 f/4 au 135 f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), hizi zisizo na zumu ni nyepesi, vioo vichache, na 135 ya f/3.5 huwa rahisi kuliko ya f/2.8. Kwa ngalawa utataka 200, kwa mpira ukisimama karibu na goli 135 inakutosha. Zumu za f/5.6 usichukue maana kile kiduara cha katikati cha kufokasia nusu yake inakuwa nyeusi, na jioni ndo hutaona kitu. Weka filamu ya ISO 400, inayoshika mwanga haraka, shata isishuke 1/250 ya sekunde ukiwa na 200, wachezaji wakikimbia nenda 1/500.

Kabla hujatoa hela nenda na kamera yako, ina betri, haina filamu. Fungua mlango wa nyuma, toa pete ya lenzi kwenye A (ile oto) uweke f/16, shata weka B (inabaki wazi ukishikilia), bonyeza ushikilie huku unachungulia kwa nyuma. Tundu linatakiwa liwe dogo hapohapo, likichelewa basi vile vyuma vya apecha vina mafuta, rudisha. Afu iondoe lenzi umulike na tochi ya simu upande mmoja huku unaangalia upande wa pili. Vumbi kidogo sio shida, ila ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, na kwa joto letu la pwani itazidi kuenea, fundi anaweza kusafisha lakini ikishakula ile rangi ya juu ya kioo hairudi.

Na ukishainunua usiifungie kwenye mkoba wa ngozi, ngozi inakaa na unyevu. Iache sehemu kavu yenye hewa, na uitumie mara kwa mara.