Kwa mnaoanza kazi ya dodoso: niliyojifunza nikiuliza watu maoni ya siasa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye udadisi msimu huu, naona wengi mnauliza posho ni shilingi ngapi na tableti mnapewa lini. Sawa, hayo ni ya muhimu, ila kuna mambo kwenye semina hayakai kichwani mpaka ukutane nayo mlangoni kwa mtu. Mimi nimefanya tafiti za maoni miaka 7, nyingi Kanda ya Ziwa na magharibi huku, na kubwa nililoliona ni kwamba jibu la mtu linategemea umemuuliza nani, umemuulizaje na nani alikuwa amekaa pembeni yenu.

Kwanza hilo la nani. Mtaani utaulizwa, yaani watu 2,400 ndo waseme kwa niaba ya Watanzania wote? Usikasirike, mwambie aende mnadani akamwangalie mnunuzi wa mahindi. Anachoma bambo, kile chuma cha kutolea punje, kwenye gunia juu, katikati, chini, anatoa punje chache mkononi na tayari anajua kama yana unyevu au yameshaliwa na dumuzi, gunia hajalimwaga. Lakini akichoma juu tu kapigwa, maana mazuri ndo yanawekwa juu. Kwa hesabu, watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa makosa ya karibu asilimia 3 juu au chini, ukifika 2,400 yanashuka kuwa 2, na ukitaka uyapunguze nusu inabidi uongeze watu mara 4, ndo maana tafiti nyingi zinaishia hapo.

Neno zito hapo ni bahati nasibu. Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwenye urais Landon anamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo yote kasoro 2. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, miaka ya dhiki ile, na isitoshe waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na wasiorudisha. Mtafiti wa maoni George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko wao na akapatia mshindi. Kwa hiyo ile kura ya kwenye magrupu ya WhatsApp hata wakipiga elfu 30 bado ni bambo la juu ya gunia. Na wewe ukiambiwa ruka nyumba kadhaa ingia inayofuata, ingia hiyo hiyo, hata kama ina mbwa, hata kama jirani ana kivuli na kakukaribisha kiti, na kama mhusika yuko shamba rudi jioni.

Sasa itikadi, hapa ndo wageni wengi wanapotea. Vitabuni kuna mrengo wa kushoto, yaani serikali ihudumie na isimamie zaidi, na wa kulia, yaani soko na watu binafsi waachiwe zaidi, maneno yaliyotoka Ufaransa 1789 kwa jinsi wabunge walivyokaa ukumbini. Muulize mtu wa Nzega yeye ni mrengo gani, atakutajia chama, na chama peke yake hakikuambii mengi. Katiba ya CCM bado inataja Ujamaa na Kujitegemea wakati mashirika mengi ya umma yalishabinafsishwa tangu miaka ya 90, ACT-Wazalendo nao 2015 wakatoa Azimio la Tabora kuhuisha lile la Arusha la 1967, halafu Chadema wako kwenye umoja wa kimataifa wa vyama vya kulia na kulia kati. Mpiga kura wa kawaida hayo hayamhusu sana. Yeye muulize vitu. Msomee kauli mbili achague, kwamba bora shule iwe bure hata kama ubora ni mdogo, au bora ubora uongezeke hata kama tutalipa ada. Utakuta mtu anataka shule bure na dawa bure, serikali ihudumie, halafu huyo huyo hataki kabisa serikali imzuie kuvusha mahindi yake kwenda kuuza nchi jirani. Ni kushoto ama kulia? Usimsahihishe, jaza alivyosema, kwake vinaelewana vizuri kabisa.

Na msiishie kwenye namba. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kama tubaki na chama kimoja au vije vingi, watu zaidi ya 36,000 wakatoa maoni, na asilimia kama 77 wakasema kibaki kimoja. Hao walijitokeza wenyewe, hiyo moja. La pili, wengi wao wakiendelea kueleza walitaka mabadiliko makubwa ya namna nchi inavyoendeshwa. Tume ikashauri vyama vingi na 1992 sheria ikabadilishwa. Mimi naamini wangehesabu tiki tu bila kusikiliza maelezo wangeandika ripoti tofauti kabisa, kwa hiyo mtu akieleza sababu zake, ziandike kwa maneno yake.

Lile la nani kakaa pembeni nimalizie na mama mmoja wa Kahama. Alikuwa anapukuchua mahindi kwenye turubai, tableti ikamchagua yeye kwa bahati nasibu, sio mumewe, mzee akavuta kigoda akakaa nasi. Kila swali mama anamtazama mzee kwanza. Serikali inadhibitije bei za vitu? "Vizuri." Supavaiza wangu akaona, akamwita mzee wakaanza kuongea habari za pamba mpaka wakasogea kule kwenye zizi. Mama akaendelea kupukuchua, hakuinua uso, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, lile la bei rudisha nyuma. Andika vibaya sana."

Mwishoni dodoso linauliza mhojiwa anadhani nani katutuma. Hilo msiliruke hata kama mmechoka, maana anayeamini ni serikali mara nyingi anachagua maneno. Nikamuuliza. Akasema, "Si serikali? Si ndo nyie mnaotuandikisha mbolea." Nikajaza hivyo hivyo.