Bikoni nne nimeziona kwa macho yangu. Je, kiwanja kimepimwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga Tabata. Nimepata kiwanja upande wa Chanika, mbele kidogo ya Buyuni, 20 kwa 20, shilingi milioni saba na nusu. Nia yangu ni kukizungushia ukuta na kutulia. Nikistaafu nijenge, au nikiuze bei ikipanda. Muuzaji anasema kimepimwa, na kweli bikoni nne nimeziona kwa macho yangu. Hati anasema ipo njiani. Tutaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti atagonga muhuri, na ofisi inataka asilimia kumi. Dalali ananiharakisha, anasema kuna mteja wa Kinondoni ameshatenga hela. Nilipe? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usilipe bado. Huyo mteja wa Kinondoni mwache atangulie akitaka. Kama kiwanja ni safi leo, kitakuwa safi hata wiki ijayo.

Nimechagua swali lako kwa sababu ya hizo bikoni nne, yaani mawe ya zege yanayowekwa kwenye kona za kiwanja kuonyesha mpaka. Mimi ni mpima ardhi, na hakuna wiki inayopita sijaambiwa maneno hayo hayo: "bikoni zipo, nimeziona." Hakuna jambo linaloniumiza katika kazi hii kuliko hilo. Watu wanatoa akiba ya miaka kwa kuamini jiwe lililo kwenye kona. Jiwe ni alama tu ya mahali hesabu zilipofikia, na hesabu zenyewe haziko Chanika. Ziko kwenye ramani iliyoidhinishwa na kusajiliwa serikalini. Kama ramani hiyo haipo, ulichokiona ni zege.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja Msongola, jirani yake alikuwa anataka ukuta ubomolewe. Nikachimbua bikoni ya kona ya barabarani. Ilikuwa na umbo la kopo la rangi la lita nne, hata mkunjo wa kopo ulionekana kwenye saruji. Namba ilichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Katikati, panapotakiwa kuwa na chuma, hapakuwa na kitu. Hatua moja na nusu kutoka hapo, ndani ya minyaa, nikakuta nyingine. Nyuma ya shina la mwembe nikakuta ya tatu. Kona moja, mawe matatu, na kila moja mtu alilipwa kuliweka. Yule mama akakaa juu ya tofali, akaniuliza lipi ndilo la kweli. Ilibidi nimwambie hakuna hata moja.

Upimaji halali huanzia mezani. Kwanza unakuwepo mchoro wa mipango miji, unaosema hapa ni makazi, pale shule, pale makaburi, hapa inapita barabara, hapa ni eneo la wazi. Mchoro ukishaidhinishwa ndipo mpima aliyesajiliwa anakwenda saiti, anaweka bikoni, anakokotoa, na kuwasilisha kazi yake kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ikiidhinishwa, ramani inapewa namba ya usajili. Hapo ndipo kiwanja kinapotambulika kwa namba na kitalu chake, na hati inaweza kuandaliwa. Kishoka, yaani mpima wa mtaani asiyesajiliwa, yeye anaanzia kwenye zege. Anakuja na simu au kijimashine cha mkononi ambacho kosa lake ni mita tatu hadi tano, na chini ya minazi ni zaidi. Kwenye kiwanja chenye upana wa mita 20, kona ikikosewa mita nne, umepoteza sehemu ya tano ya upana wako, au umeichukua kwa jirani bila kujua. Vifaa vya kupimia mipaka vinasoma hadi sentimita. Hakuna simu inayofanya kazi hiyo, hata iwe ya bei gani.

Halafu hiyo 20 kwa 20, ni mita au hatua? Muulize muuzaji mbele ya mashahidi. Pembezoni mwa jiji hili ardhi nyingi bado inauzwa kwa hatua za miguu, na hatua ya mtu mzima wa kawaida ni kama sentimita 75. Hatua 20 kwa 20 ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Wewe unafikiria 400. Nenda na futi kamba yako, vuta mwenyewe.

Angalia pia shamba lililokatwa hivyo viwanja. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Ukikata vya mita 20 kwa 20 unapata kumi, na ardhi imekwisha. Sasa barabara imetoka wapi? Weka barabara moja tu ya mita kumi katikati, hubaki zaidi ya viwanja vinane. Mwenye shamba aliyeuza vyote kumi ameuza njia, na siku ya kurasimisha mtaa ni ninyi mtakaovunja kuta ili gari la maji taka lipite.

Kuhusu hati iliyo njiani: hati haiwezi kuwa njiani kama ramani haijasajiliwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji mambo matatu tu, kwa maandishi: namba ya kiwanja na kitalu, namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, na namba ya mchoro wa mipango miji. Akikwambia anayo hati, peleka namba yake kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi. Kama hati haipo, peleka hizo namba tatu idara ya ardhi ya halmashauri. Huko ni Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo usipelekwe na dalali ofisi nyingine yoyote. Uliza mambo mawili: ramani hii ipo, na kiwanja hiki kimeandikwa matumizi gani na jina la nani?

Jina usilipuuze, hasa kwa kuwa umetaja Buyuni. Buyuni ni moja ya maeneo ya ule Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mivumoni na kwingineko. Huko kiwanja kinaweza kuwa kimepimwa kihalali kabisa, bikoni za chuma na namba zake, lakini mwenyewe ni mtu mwingine aliyemilikishwa tangu wakati huo na hajawahi kujenga. Anayekuonyesha ni mtoto wa mwenye shamba wa zamani. Bikoni ni za kweli, muuzaji siye.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mmeandikishana mbele yake, basi. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Na hiyo asilimia kumi, laki saba na nusu za mshahara wa mwalimu, hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinachompa mtu. Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake kwa nyumba ya familia. Hata kwa kiwanja kitupu, mwite asaini.

Ukikuta ni shamba lisilopimwa, si dhambi kulinunua. Maelfu wameanza hivyo. Ila lipa bei ya shamba, na ujue benki nyingi hazitalipokea kama dhamana.

Nasema na wengine pia, maana swali hili linanifikia kutoka Kivule, Chamazi, Goba, Madale na Mabwepande. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na jiji linawasukuma pembezoni, ambako kishoka anawasubiri na ndoo ya saruji. Bikoni ya kishoka haijui kama imesimama kwenye mkuza, yaani ukanda uliotengwa, wa bomba la gesi linaloishia Kinyerezi, au ndani ya msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi. Haijui kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa na umeme na maji zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Ramani ingesema hayo kabla ya tofali la kwanza.

Mkivuka mpaka wa mkoa kwenda Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, mnaweza kuwa kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Huko idhini ni ya halmashauri ya kijiji yenyewe, ikikaa kikao na kuandika muhtasari. Mwenyekiti peke yake hatoshi.

Na mkimtafuta mpima wenyewe, mwombeni namba yake ya usajili kabla ya kuzungumza bei, kisha mumuulize ramani ataiwasilisha kwa nani na mchoro wa mipango miji wa eneo hilo ni namba ngapi. Akiwajibu kwamba bikoni zinatosha, msimpe hata nauli.