Akseleta Inayokwama: Magonjwa Matatu Yenye Jina Moja

Nilikuwa nikiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, nimeinua mguu kabisa kutoka kwenye akseleta, nilipotambua kwamba injini ya Corolla yangu ya mwaka 1994 bado inavuta kana kwamba nimeikanyaga. Mbele yangu kulikuwa na lori lililobeba mbao na nyuma yangu matatu iliyokuwa ikiniwashia taa nimpishe. Nilikanyaga klachi, nikashika breki kwa nguvu mara moja bila kuiachia, nikatoka kando ya barabara pale Sachang'wan na kuzima injini. Jambo moja lilinishangaza hata katika hofu ile: mara tu nilipokanyaga klachi, injini ilinguruma kidogo, kisha ikatulia yenyewe. Sikulizingatia wakati huo, ingawa jibu lote lilikuwa limejificha humo.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini sikuipigapiga breki. Busta inayousaidia mguu kwenye breki hutegemea mvuto wa hewa unaotokana na injini, na mvuto huo hupungua sana throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini unaofunguliwa na akseleta, ikiwa wazi. Akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara moja au mbili tu, na anayepigapiga huimaliza na kubaki na kanyagio gumu kama jiwe. Gari la gia za kujiendesha hutiwa nyutro badala ya kukanyagwa klachi. Ufunguo nao usiuzungushe hadi mwisho gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Rudisha hatua moja tu, na ufanye hivyo baada ya gari kusimama au kukaribia kusimama.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, nilikuwa nimelipeleka gari kwa fundi mmoja hapa Nakuru nikimwambia kwamba akseleta inakwama. Hakuniuliza inakwama vipi, nami sikueleza. Aliniuzia throtoli iliyotumika kwa shilingi 6,500, akaifunga, na kweli tatizo nililokuwa nalo likaisha. Ndiyo maana kule mteremkoni nilidhani ugonjwa ule ule umerudi, nikajiandaa kwenda kumdai fedha zangu. Ukweli ni kwamba huu ulikuwa ugonjwa mwingine, na ulikuwa umeletwa na tiba ya ule wa kwanza.

Tangu hapo, mtu akiniambia akseleta yake inakwama, namuuliza kwanza inakwama wapi. Ipo ile inayokataa kuanza: asubuhi unaikanyaga polepole, inagoma, unaongeza nguvu, kisha inaachia ghafla na gari linaruka mbele kama chura. Ipo inayokubali kukanyagwa lakini haitaki kurudi. Na ipo ambayo kanyagio limerudi juu vizuri, lakini injini inaendelea kunguruma. Wenye magari huziita zote kukwama, na mafundi wenye haraka hutibu zote kwa dawa moja.

Njia ya kuzitenganisha haihitaji hata spana. Zima injini, anza chini miguuni, na uondoe mkeka wa dereva. Usilicheke jambo hili, kwani mwaka 2009 kampuni ya Toyota yenyewe iliyaita mamilioni ya magari nchini Marekani, mapya kuliko haya yetu, kwa sababu mkeka ungeweza kulinasa kanyagio. Kisha fungua boneti, ufuate waya wa akseleta hadi pale unapoishia kwenye throtoli, na uuchomoe ncha yake kutoka kwenye kigurudumu kidogo kinachovutwa nao. Sasa umelikata tatizo vipande viwili. Zungusha kigurudumu hicho kwa mkono na ukiachie: kinapaswa kurudi kwa nguvu ya springi na kugonga kizuizi chake kwa mlio mkavu. Kikirudi hivyo, throtoli ni nzima na lawama ziko kwenye waya au kanyagio. Kikisitasita, kikikwaruza au kikigoma mwanzoni, waya hauna kosa. Kazi hii huchukua dakika tano, na ningeifanya mimi mwenyewe, zile shilingi 6,500 zingebaki mfukoni.

Maana throtoli yangu ya zamani haikuwa mbovu, bali ilikuwa chafu. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia mpira mdogo, na katika injini iliyochoka, yenye ringi za pistoni zilizolika, mvuke huo huwa mwingi. Hugeuka utando mweusi unaonata kuzunguka ukingo wa kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ukiongeza vumbi la barabara zetu za pembeni na kichungio cha hewa ambacho hakijabadilishwa tangu mvua za mwaka juzi, unapata gundi. Gari likilala usiku, kibati hushikwa na gundi hiyo kikiwa kimefungwa, na asubuhi mguu wako ndio hukibandua.

Dawa yake ni kopo la dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa safi. Toa mpira mkubwa wa hewa, fungua kibati kwa mkono, lowesha kitambaa na ufute ukingo wake, upande wa nyuma, na ukuta wa ndani pale kinapogusa. Usikwangue kwa bisibisi, na usiirowanishe sensa iliyofungwa kwenye mhimili wa kibati hicho. Zaidi ya yote, usiiguse skrubu ndogo inayokizuia kibati kisifunge kupita kiasi. Mafundi wengi huigeuza kama njia ya mkato ya kurekebisha mngurumo wa gari lililosimama, na wakiilegeza mno kibati hujikaza ndani ya ukuta kama kifuniko cha sufuria kilichoingia upande. Ikiwa gari lako ni la kisasa, ambalo throtoli yake huendeshwa kwa mota na halina waya kabisa, usikisukume kibati kwa kidole. Huko taratibu ni nyingine.

Kuhusu waya nina maneno machache. Uchomoe pande zote mbili na uuvute ukiwa umejikunja kama unavyokaa garini, kwani ukinyooshwa mezani huficha makosa yake. Ukisikia mkwaruzo, au ukiona uzi mmoja umekatika na kujikunja mdomoni mwa ganda lake, nunua mwingine. Kumimina oili chakavu ndani yake, kama wanavyopenda kufanya vijana wa gereji, ni kuukaribisha udongo.

Ugonjwa wa tatu ndio ulionisumbua. Kwa kawaida, kanyagio likirudi na injini ikazidi kunguruma, tafuta hewa inayoingia kwa njia isiyo halali: mpira uliopasuka, gasketi iliyolegea, au ile vali inayosimamia mngurumo wa gari lililosimama kukwama ikiwa wazi. Kipimo ni kukitazama kigurudumu cha throtoli injini ikinguruma. Kama kimekaa kwenye kizuizi chake, throtoli haina hatia na hewa inaingia pengine. Changu kilikuwa kimekaa pale pale, na gari likiwa limesimama uani halikuonyesha dalili yoyote. Mafundi wawili waliliwasha, wakalisikiliza, wakanirudishia ufunguo.

Aliyelipata ni mzee mmoja wa Njoro ambaye alianza kazi enzi za Peugeot 504. Baada ya kunisikiliza hadi mwisho, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulipokanyaga klachi ilitulia?" Nilipomwambia ndiyo, alinifanya niketi ndani, nivute breki ya mkono, nikanyage breki ya mguu, niingize gia ya kurudi nyuma na kuachia klachi kidogo sana, hadi gari litake kwenda bila kwenda. Yeye alisimama ubavuni, kwa sababu hakuna anayepaswa kusimama mbele wala nyuma ya gari katika jaribio hili. Injini iliinama kuelekea mbele, na kigurudumu cha throtoli kikaachana na kizuizi chake ilhali mguu wangu haukuwa kwenye akseleta.

Mambo mawili yalikuwa yamekutana. Mauntingi moja ya injini, yaani kile kishikizo cha raba kinachoishikilia injini mahali pake, ilikuwa imekatika raba yake, pengine muda mrefu uliopita. Halafu yule fundi wa kwanza, alipofunga throtoli ya pili, alilifunga ganda la waya kwenye bomba la bodi kwa mkanda wa plastiki ili lisiningʼinie, akauondoa mkunjo unaouachia waya nafasi ya kucheza. Ukiinua mguu mteremkoni, magurudumu huizungusha injini badala ya injini kuyazungusha, nayo huinamia mbele kama inavyofanya katika gia ya kurudi nyuma. Yangu, isiyokuwa na cha kuishikilia, iliuvuta waya uliobanwa na kujiongezea mafuta yenyewe. Klachi ilipokanyagwa, nguvu ile ilikatika na injini ikarudi mahali pake.

Mzee aliukata ule mkanda kwa kisu, akaurudisha waya kwenye klipu zake za asili, na akauachia ulegevu wa milimita chache pale kwenye throtoli. Mauntingi niliinunua siku iliyofuata, naye akaifunga kabla ya saa sita mchana. Alikataa kunilipisha kwa kukata mkanda. Tulirudia jaribio la gia ya kurudi nyuma mara tatu, kigurudumu hakikusogea, ndipo nikaenda Molo na kurudi. Throtoli yangu ya kwanza niliisafisha mwenyewe jioni moja. Hurudi kwa mlio mkavu kuliko ile niliyouziwa, nami nimeihifadhi ndani ya boksi la viatu stoo.