Uliza Fundi: Draiva umeandika, maelezo yake yako wapi?

Toleo lililopita niligusia draiva za Linux kwa mistari miwili mitatu tu nikajua nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa. Nimechagua tano, na kwa mgeni wa safu hii, draiva ninayoisema siyo yule anayeshika usukani wa daladala, ni ile programu inayoiwezesha kerneli, yaani kiini cha Linux, kuongea na kifaa. Vitabuni wanaita kiendeshi. Mafundi tunasema draiva, basi twende hivyohivyo.

Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nimejitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai 200, ndani kuna Raspberry Pi (kile kikompyuta kidogo cha bodi moja) na sensa ya joto LM75. Nikisoma faili la temp1_input linaniambia 37500. Nikanunua sensa nyingine, nayo 37500! Kipimajoto cha kawaida kinasema 37 na nusu. Halafu kengele, nimeweka temp1_max iwe 38500 na temp1_max_hyst iwe 1000 ili izime joto likishuka digrii moja, lakini ikishalia hainyamazi mpaka nichomoe umeme. Sensa feki hizi au mimi ndo feki?

Marahaba mdogo wangu. Sensa nzima zote mbili, pole kwa hela ya ile ya pili. Hiyo 37500 ni digrii 37.5 iliyozidishwa mara 1000, kwenye sehemu ya kerneli inayoitwa hwmon joto linatolewa hivyo kwa sensa zote siyo yako tu, kwa sababu kodi ya ndani ya kerneli kwa kawaida haigusi hesabu za desimali, kule ni namba nzima tu, kwa hiyo wakaamua joto litoke kwa elfu ya digrii, voltiji kwa milivolti, mkondo kwa miliampea, feni kwa mizunguko kwa dakika, na pawa kwa mikrowati. Ndiyo, mikrowati siyo miliwati, hapo wengi wameangukia pua.

Sasa kengele. Wewe umeelewa hyst ni tofauti, yaani shuka digrii moja chini ya kikomo ndo uzime. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa hivyo. Ila maelezo ya hwmon yanasema wazi kwamba namba hiyo ni joto lenyewe, siyo tofauti. Kwa hiyo ulichoiambia chipu ni kwamba kengele izime joto likifika digrii 1, na Morogoro hiyo utasubiri sana! Weka 38000 itanyamaza joto likishuka chini ya 38. Na jambo moja hujauliza lakini litakukuta: ile namba ya folda hwmon0, hwmon1 inaweza kubadilika ukiwasha mashine upya, usiikariri kwenye skripti yako, soma faili linaloitwa name ndani ya kila folda mpaka ukute lm75.

Yote haya yameandikwa ndani ya kerneli, faili Documentation/hwmon/sysfs-interface.rst. Barua yako nimeitanguliza makusudi, maana dada anayefuata anauliza kama maelezo yana kazi gani.

Sasa fundi. Niko Eldoret, nimeandika draiva ya chipu ya kupima voltiji na mkondo kwa projekti ya chuo, inafanya poa sana, nataka niitume iingie kwa Linux yenyewe. Mwenzangu aliyenitangulia akaniambia bila dokumentesheni hawataikubali. Lakini kodi ni mistari 300 tu, si inajieleza? Na Kizungu changu cha kuandika ni cha kuombea maji. Nisaidie.

Poa dada. Mwenzako yuko sahihi, kwa upande wa hwmon sheria yao inasema draiva mpya ije na faili lake ndani ya Documentation/hwmon, jina la draiva kisha .rst. Hilo la kodi kujieleza nimelisikia miaka yote na mimi mwenyewe nimelisema, ngoja nikupe kisa changu.

Kuna kipindi niliandika draiva ya kifaa cha kupima maji kwa ofisi moja. Ndani niliweka msleep(120) mahali, sikuandika neno. Baada ya kama miaka mitatu nikaitwa kuiongezea kitu, naisoma nakuta huo usingizi wa milisekunde 120, nikasema ni mjinga gani huyu anachelewesha kifaa bure, nikaufuta. Mjinga alikuwa mimi. Chipu ilikuwa inahitaji muda wa kumaliza kupima kabla hujaisoma, ukiiwahi inakupa namba ya zamani, na kile kifaa kikaanza kutoa vipimo vya jana asubuhi. Siku mbili natafuta. Kodi ilionyesha kwamba nalala, haikuonyesha kwa nini, na hiyo "kwa nini" ilikuwa kwenye datashiti, ile karatasi ya kiwanda, ukurasa ambao nilishausahau.

Kwa hiyo usirudie kilichomo kwenye kodi, andika kile ambacho mtu hawezi kukiona akiitazama. Fungua faili la lm75.rst ulitumie kama mfano. Juu kuna jina, "Kernel driver lm75", halafu "Supported chips" na chini yake kila chipu ina vitu vitatu: "Prefix", "Addresses scanned" na "Datasheet". Baadaye mwandishi, halafu "Description". Basi. Ila kila mstari hapo una kazi yake.

Chukua huo wa anwani. LM75 ina pini tatu za kuchagulia anwani, ndo maana inaweza kukaa kuanzia 0x48 mpaka 0x4f, chipu nane kwenye nyaya zilezile. Ukiandika kwamba draiva inazikagua anwani hizo, msomaji anajua kerneli inaweza kuitafuta yenyewe. Ukiandika "none", anajua itabidi aitambulishe kwa mkono, kama hivi:

echo lm75 0x48 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device

Neno moja tu hilo, none, linamwokolea mtu usiku mzima wa kujiuliza mbona kifaa hakionekani.

Mstari wa datashiti usiweke linki peke yake. LM75 ni ya National Semiconductor, kampuni hiyo ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, na linki za aina hiyo ndo zinakufaga hivyo. Andika na jina kamili la karatasi na toleo lake, mtu wa 2035 ataitafuta kwa jina.

Kwenye Description ndo ujimwage. Sema chipu inapima nini, kwa hatua gani (LM75 ni nusu digrii), mpaka wapi (kutoka -55 hadi 125), inachukua muda gani kupima, ikiwashwa inaanza na vikomo gani. Yako inapima mkondo, yaelekea utakuwa umetegemea kizuizi fulani cha nje, kile kirezista kidogo cha shanti, basi andika umechukulia kina thamani gani na mtu akifunga kingine abadilishe wapi, ukiliacha hilo vipimo vyote vya mkondo vitakuwa uongo na hakuna onyo lolote litakalotokea. Halafu, na hili watu wanaona aibu, andika draiva yako HAIFANYI nini. Kama chipu ina kengele na wewe hukuishughulikia, sema. Kama umejaribu kwenye bodi moja tu, sema. Hakuna atakayekucheka, na atakayeikuta draiva hiyo hatapoteza wiki akidhani tatizo ni waya zake.

Jedwali la mwisho ni la mafaili ya sysfs, yale ambayo kerneli inatolea vipimo: in1_input, curr1_input, power1_input, lipi la kusoma tu, lipi linaandikika. Majina yafuate ule mpangilio wa kawaida, usibuni yako. Ukilazimika kubuni, jiandae kulitetea, na maelezo yake yana folda lake, Documentation/ABI.

Kizungu kisikutishe kabisa. Lugha ya mafaili haya ni kavu, sentensi za maneno nane, hakuna mashairi. Anayekagua anaweza kukurekebishia sarufi kwa dakika mbili, lakini thamani ya shanti usipoiandika hana pa kuitoa. Ukimaliza liongeze faili lako kwenye index.rst ya folda lile (kila mtu anasahau), piga make htmldocs uone kama kuna malalamiko, pitisha pachi (yaani mabadiliko unayotuma) kwenye checkpatch, skripti ya kukagua mtindo, na --strict, na kwenye Kconfig na Makefile, mafaili yanayoorodhesha draiva za kujengwa, jina la draiva yako likae kwa mpangilio wa alfabeti. Skripti ya get_maintainer.pl itakuambia umtumie nani. Barua pepe iwe maandishi matupu, pachi ndani ya barua, usiambatanishe faili na usitume kwa rangirangi za HTML. Na ikirudi na maswali kumi usilie, ndo kawaida yao, jibu kila moja kisha tuma v2, yaani toleo la pili.

Fundi mambo. Kuna kernel-doc, kuna YAML ya device tree (orodha ya vifaa vilivyo kwenye bodi), kuna help ya Kconfig, kuna hizo rst. Mtu mmoja aandike zote? Mbeya.

Safi. Ndiyo, lakini ni fupifupi na kila moja ina msomaji wake. Help ya Kconfig inasomwa na mtu anayejenga kerneli na anataka kujua aseme ndiyo au hapana, mistari minne na jina la moduli inatosha. YAML inasomwa na anayetengeneza bodi, ndimo utakuta "national,lm75" na mipangilio yake, na hiyo inakaguliwa na programu kwa make dt_binding_check, pia huwa inatumwa kama pachi peke yake ikitangulia draiva. Kernel-doc ni zile komenti zinazoanza na /** juu ya fankisheni, za mwenzako anayeandika kodi: kila parameta kwa alama ya @, na inarudisha nini. Kwa draiva ndogo huzihitaji nyingi, ila kama kuna kufuli andika linalinda nini. Rst ni ya huyu mwenye vifaranga.

Je, naweza kuandika kwa Kiswahili?

Faili la draiva lenyewe hapana, linatakiwa Kiingereza. Ila kuna folda Documentation/translations, Wachina wapo, Waitaliano, Wajapani, Wakorea, Wahispania. Kiswahili hakimo. Kazi yenyewe siyo kutafsiri, ni kuendelea kufuatilia, maana ya Kiingereza inabadilika na tafsiri iliyobaki nyuma inadanganya. Kama mko watatu wanne mnaoweza kukaa nayo mwaka mzima, niandikieni, mimi nitakuwa wa tano.

Fundi, kiwanda hakitoi datashiti. Nimeisoma chipu kwa kubahatisha rejista (vile vikasha vya namba ndani ya chipu) mojamoja. Sasa nitaandika nini?

Hicho ulichofanya ndo kiandike. Wenzako wa mradi wa Nouveau wamejenga draiva nzima ya kadi za picha za NVIDIA kwa mtindo huohuo wa kuchungulia. Tenganisha vitu viwili, ulichothibitisha na unachokisia. Mfano wa LM75, ukiisoma kabla draiva haijaishika:

i2cget -y 1 0x48 0x00 w

kwenye joto la 37.5 inakupa 0x8025. Ukiitazama hivyo haina maana yoyote. Geuza baiti upate 0x2580, sasa 0x25 ni 37 na 0x80 ni ile nusu. Mtu aliyeligundua hilo bila karatasi aandike hivihivi: nilisoma namba hii, kipimajoto kilisema hivi, nimegeuza baiti. Rejista usiyoielewa iite haijulikani, usiipe jina zuri la kubuni maana baada ya mwaka jina hilo litachukuliwa kuwa ukweli. Na kwenye mstari wa Datasheet andika kwamba haipo kwa umma. Kama kuna mtu alikupa kwa siri baada ya kusaini mkataba hiyo ni kesi nyingine, kamuulize kwanza mwenye karatasi kabla hujatuma chochote.