Mzee analima bado, kwa nini miguu inaisha nguvu?

Ndugu, umeuliza kama kazi ya shamba inamtosha baba yako wa Tandahimba, miaka 68, ambaye bado anapalilia na kuokota korosho lakini hanyanyuki mkekani bila kushika ukuta. Haimtoshi. Anayeokota korosho huinamisha mgongo, magoti yakiwa yamenyooka, kwa hiyo mapaja hayapati kazi ya maana. Tena msimu ukiisha anashinda barazani, na misuli ya mzee ikikaa bure hupungua upesi na huchelewa kurudi.

Mpime kwanza. Tafuta kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani, maana kiti cha plastiki juu ya sementi huteleza. Akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamume wa umri wake, chini ya mara 12 ni dalili kwamba yumo kwenye hatari ya kuanguka.

Zoezi lenyewe ni hilohilo, ila polepole. Akae ukingoni mwa kiti, nyayo azirudishe nyuma kidogo ya magoti, kifua kitangulie mbele, ndipo asimame. Wakati wa kukaa ahesabu moja hadi tatu. Wengi huharibu hapa: wanajibwaga, na kumbe kushuka taratibu kunajenga nguvu sawa na kupanda. Afanye mara 8, apumzike dakika 2, arudie. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Akishindwa, inua kiti kwa blanketi lililokunjwa, usimvute mkono. Akifika 12 bila taabu, akumbatie dumu la maji la lita 3. Ahesabu kwa sauti ili asibane pumzi, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Kifua kikibana au kuuma, aache hapo hapo apelekwe hospitali.

Kila siku asimame karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, kisha abadilishe.

Kutembea nako kuwepo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza ila si kuimba. Atoke asubuhi kabla jua halijawaka, na asivae kandambili.

Chakula nacho, jamani! Ugali wa muhogo peke yake haujengi misuli. Kila mlo uwe na mbaazi, kunde, dagaa au samaki.

Na mkekani afundishwe hivi: ageuke ubavu, apige magoti na viganja chini, aweke mguu wenye nguvu mbele, viganja juu ya kigoda kizito, asukume. Ajifunze sasa akiwa na mtu pembeni, kwa kuwa akianguka shambani peke yake, atainuka kwa njia hiyohiyo akishika shina la mkorosho.